Kupiga picha za watoto wakiwa nje, hapa Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Napiga picha za familia hapa Tanga: ufukweni Raskazone, Bustani ya Jamhuri, vibarazani Ngamiani, na mara nyingi zaidi uani kwa watu. Kazi yangu ni watoto wakiwa katika shughuli zao. Kuwasimamisha mstari mbele ya pazia wapo wanaokuweza vizuri kuliko mimi. Wazazi wanaonipigia simu huuliza mambo yale yale, na wengi wao hawahitaji kunilipa. Simu wanayo mkononi, wanachohitaji ni kujua wasimame wapi na wasubiri nini. Nimewaandikia hapa. Karibuni.

Mwanangu akiona simu tu anaganda, au anatoa vidole viwili. Nifanyeje?

Jibu la kwanza, na kubwa kuliko yote yatakayofuata, ni hili: usimwite.

Tangu mtoto anaanza kukaa tunamwambia "tazama huku, cheka, nyosha shingo". Ameshajifunza kwamba simu ikitoka, mchezo umekwisha. Ukimwita jina akageuka, unapata uso unaosubiri amri. Kisima alichokuwa akichimba mchangani kimeachwa, na hata akikirudia hachimbi tena kwa moyo ule.

Mimi napanga mahali. Mtoto anajipanga mwenyewe. Nafika mapema, natafuta kivuli, naangalia nyuma kuna nini, nakaa chini. Kamera iko mapajani tangu mwanzo ili isiwe kitu kigeni. Robo saa ya kwanza napiga picha za ngalawa, za kuku, za mlango. Watoto wanakuja kuuliza nafanya nini, nawaonyesha, wakishaona hakuna cha ajabu wanarudi kwenye yao. Wa miaka 3 au 4 hukusahau upesi. Wa miaka 9 au 10 anakuwekea jicho muda mrefu, na huyo ndiye anayehitaji mchezo.

Michezo yetu imejaa picha. Katika rede, aliye katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku akikwepa mpira wa soksi: mikono iko chini, macho yako juu, mwili mzima uko tayari kuruka. Unajua atachuchumaa wapi kabla hajachuchumaa, kwa hiyo unaweza kuandaa picha mapema. Kombolela inakupa mtoto aliyeegemeza paji la uso kwenye mwembe anahesabu, na nyuma yake wenzake wanatawanyika. Mdako unakupa vichwa vilivyoinama pamoja na kijiwe kikiwa hewani. Kamba inakupa miguu. Na pepo za kusi zikivuma, mwaka unapofika katikati, mpe mtoto tiara. Hatakuwa na habari nawe tena, macho yatabaki juu mpaka shingo iume.

Kuhusu vidole viwili: piga hiyo picha. Ni zawadi yake kwako, usimkatalie wala usimcheke. Mwonyeshe, mwambie asante, kisha kaa pale pale. Inayofuata, dakika tano baadaye, ndiyo uliyoijia.

Nitazame nini kabla ya kubonyeza?

Nyuma ya mtoto. Mzazi anamwona mwanawe peke yake, lakini lenzi inaona kila kitu kwa usawa: ndoo ya plastiki, kamba ya nguo, pikipiki ya jirani, nguzo ya umeme inayoota juu ya kichwa cha mtoto. Hatua moja kushoto au kulia inaondoa nusu ya vitu hivyo, na kuchuchumaa kunaondoa robo nyingine.

Ndiyo maana nachagua mahali kabla ya mtoto. Ukuta wa chokaa uliofifia, ngalawa iliyopinduliwa, shina la mbuyu, mlango wa mbao ulioachwa nusu wazi. Kisha najiuliza: watoto wanapita wapi hapa? Kila nyumba ina njia yake, kati ya bomba na jiko, kati ya uani na dukani. Nakaa mahali ambapo njia hiyo inakatiza mbele ya ukuta wangu, natengeneza picha ikiwa tupu, halafu nasubiri mtu aijaze. Siku moja huko Ngamiani nilisubiri karibu saa nzima mbele ya mlango wa kijani. Wakapita mbuzi, akapita mzee na baiskeli, na mwisho akapita binti wa nyumba ile kabeba sinia la maandazi kichwani, mkono mmoja juu, mwingine unamvuta mdogo wake. Ilikuwa picha moja tu. Mama yao ameitundika sebuleni.

Ukishapata mahali, yaliyobaki si mengi. Washa mistari ya gridi kwenye kamera ya simu. Inagawa kioo mara tatu kwa upana na mara tatu kwa urefu. Mweke mtoto kwenye mmoja wa mistari hiyo badala ya katikati kabisa, na upande anaoutazama au anaoukimbilia uachie nafasi zaidi. Mtoto anayekimbilia ukingo wa picha huonekana kama anagonga ukuta. Mstari wa bahari na mbingu usimpite shingoni wala machoni. Panda au shuka kidogo mpaka upite juu ya kichwa au chini ya mabega. Ukikata mwili, usikate kwenye kiungo. Picha iliyokatia vifundo vya miguu au viganja inauma macho hata kwa asiyejua sababu. Katia katikati ya paja au kifuani.

Na usiogope nafasi tupu. Wazazi wengi wanasogea mpaka mtoto ajae kioo kizima, picha 50 zote uso tu. Maji yakipwa, Raskazone inakupa uwanda wa mchanga unyevu wenye rangi ya mbingu. Mwache mtoto awe mdogo ndani yake, na ukubwa wa ile siku utaonekana. Hizi ndizo picha ambazo watoto, wakishakuwa watu wazima, huzitazama kwa muda mrefu, kwa kuwa zinawaonyesha walikokulia.

Saa ngapi ndiyo nzuri?

Asubuhi jua likiwa bado chini, na jioni kuanzia saa 10:30 hivi. Hapa kwetu jua huzama kati ya saa 12:15 na saa 12:50 jioni mwaka mzima, halafu giza linaingia upesi. Baada ya kuzama una kama dakika 20 za mwanga laini usio na kivuli, mzuri sana kwa nyuso. Nawasikitikia wanaofunga virago jua linapogusa maji.

Lakini saa peke yake haitoshi, mwezi nao una neno. Ghuba yetu iko kaskazini mwa mji. Juni na Julai jua huzama likiwa limeelekea kaskazini ya magharibi, kwa hiyo ukitazama maji jioni utaliona mbele yako, nyuma ya watoto: nywele zinang'aa pembeni, miili inakuwa vivuli vyeusi juu ya maji ya dhahabu. Desemba na Januari linazama kusini ya magharibi, upande wa mji, na mtoto anayetoka majini akielekea nyumbani anapata mwanga huo usoni. Ufuo ule ule, saa ile ile, picha mbili tofauti kabisa. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita mchana linakaa utosini kwetu; kivuli chako unakikanyaga, na macho ya mtoto yanakuwa mashimo meusi mawili.

Halafu kuna maji. Waulize wavuvi, au hesabu mwezi mwenyewe. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huku kwetu maji hujaa alasiri na kupwa sana asubuhi kati ya saa 3 na saa 5. Maana yake ni kwamba jioni ya bamvua ufuo umemezwa, watoto wako kwenye ukanda mwembamba wa mchanga, ni vizuri kwa kuruka mawimbi lakini vibaya kwa kukimbia. Ukitaka uwanda mpana pamoja na mwanga wa jioni, nenda takribani wiki moja baadaye, siku za maji mafu, maji yanapokuwa yamerudi nyuma jioni. Hayataondoka mbali kama siku za bamvua, ila yataacha vidimbwi vya kutosha. Kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50, kwa hiyo ukikosa leo unaweza kukisia kesho.

Mimi nafasi yangu ni mchana tu. Ndiyo basi?

Hapana. Ingia kivulini, ila chagua kivuli chako. Chini ya mwembe katikati kabisa kuna giza la kijani, na pale majani yalipoachana jua linadondoka madoadoa usoni kama tetekuwanga. Njoo ukingoni mwa kivuli, mtoto awe ndani kwa hatua moja na uso wake uelekee kwenye uwazi. Baraza ni bora zaidi: paa linazuia jua, na ardhi nyeupe mbele yake inarudisha mwanga juu, chini ya kidevu na machoni. Kama ardhi ni nyeusi, tandika shuka jeupe mbele yake. Nimetumia mashuka ya wenyeji mara nyingi, na watoto wakilikalia shuka ndiyo raha zaidi.

Mlango wa nyumba mchana ni studio ya bure. Mtoto anakaa kizingitini, ndani nyuma yake ni giza tupu, mbele yake ni mwanga wa uani. Hakuna ndoo wala nguzo itakayoonekana.

Mbona uso wa mwanangu unatoka mweusi tititi, mchanga na mbingu vinang'aa?

Swali hili naliulizwa kila wiki, na nyuma yake mara nyingi kuna maumivu, maana mzazi anadhani tatizo ni rangi ya mtoto. Tatizo ni hesabu ya simu. Kamera ikiachwa ijiamulie hutafuta wastani: inakusanya mwanga wote inaouona na kujaribu kuuweka usiwe mkali wala hafifu. Ukiipa mchanga mweupe na mbingu, inapunguza mwanga wa picha nzima, na uso uliokuwa unaonekana vizuri kabisa kwa jicho lako unazama.

Gusa uso wa mtoto kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga; simu nyingi hapo hupima upya kwa kuufuata uso. Alama ya jua ikitokea pembeni, ivute juu kidogo. Mbingu itapauka, acha ipauke. Au, na hii naipenda zaidi, badilisha kilicho nyuma: badala ya mbingu weka mikoko, ukuta wenye kivuli, majani ya mgomba. Nyuma ikiwa ya rangi nzito, simu yenyewe itauachia uso mwanga.

Ngozi nyeusi inapendeza sana mwanga ukija kutoka ubavuni. Huonyesha umbo kwa ule mng'ao mdogo kwenye paji, kwenye shavu, begani. Mtoto aliyepakwa mafuta ya nazi akikaa karibu na mlango, mwanga unamkaa mwilini kama maji. Kwa hiyo usimfute mafuta ukidhani yanaharibu. Yanaharibu kwenye jua kali la mchana na kwenye fleshi tu.

Kuna historia hapa inayofaa kujulikana. Enzi za filamu za rangi, maabara za kusafishia picha zilirekebisha rangi kwa kulinganisha na kadi yenye picha ya mwanamke wa kizungu, kadi ambazo Kodak ilizisambaza kwa miongo mingi. Uso mweupe ukawa ndio kipimo, na nyuso nyingine zikatoka jinsi zilivyotoka. Kwa hiyo zile picha za zamani ambamo bibi zetu wanaonekana meno na macho tu hazikuwa kosa la bibi zetu. Ndiyo maana nawaomba wazazi: msitumie vichujio vya kung'arisha ngozi kwenye picha za watoto. Binti wa miaka 6 anayejiona kwenye simu ya mama yake akiwa mweupe kuliko alivyo anaelewa ujumbe, hata kama hakuna aliyeusema.

Nisimame au nikae?

Kaa. Chuchumaa, piga magoti, tandika kanga ulale kifudifudi. Ukipiga ukiwa umesimama unapata utosi na miguu mifupi, na mtoto anaonekana kama kitu kilichodondoka. Lenzi iwe usawa wa macho yake au chini kidogo. Mdako peke yake nautoa kwenye sheria hii: simama juu ya duara, elekeza kamera chini moja kwa moja, upige mikono na vijiwe.

Wakikimbia picha zinatoka zimevurugika.

Futa lenzi kwanza. Nasema kweli. Simu iliyoshikwa na mikono ya samaki, mafuta ya nazi na chumvi ya bahari ina ukungu juu ya kioo chake, na watu wanailaumu kamera. Kitambaa cha pamba, pumzi kidogo, futa.

Baada ya hapo ni mwanga na mwendo. Kwenye kamera, mtoto anayekimbia anahitaji kasi (muda ambao kamera inafungua jicho lake) ya 1/500 ya sekunde au zaidi, anayeruka kutoka jiwe hadi majini 1/1000. Simu huamua yenyewe, na hupunguza kasi mwanga ukiwa mdogo, kwa hiyo mbio ni za saa 10 jioni na utulivu ni wa saa 12. Tumia kupiga mfululizo, ila usiachilie simu ifyatue picha 80 ovyo. Chagua mahali ambapo mwendo unafika kileleni, pale anapokuwa juu kabisa ya kuruka, maana hapo kwa kitambo kidogo mwili unasimama hewani. Anza kupiga kabla hajafika.

Tanga ni mji wa baiskeli, na baiskeli inataka kinyume chake. Kwenye kamera weka kasi 1/30, mfuate mtoto na kamera anapopita mbele yako kwa ubavu, bonyeza huku ukiendelea kumfuata. Yeye anabaki wazi, nyumba za nyuma zinakuwa mistari. Kati ya picha 20 utapata 2. Inatosha.

Uso hauonekani. Hiyo nayo ni picha?

Ni picha, na pengine ni bora kuliko zote. Karibu na mwaka 1930, Mhungari Martin Munkácsi alipiga picha ya wavulana watatu wanakimbilia majini, picha iliyokuja kujulikana kwa jina la Ziwa Tanganyika. Wametupa mgongo. Hakuna uso hata mmoja. Kuna miili mitatu myeusi, mikono hewani, povu jeupe, na kila mwili una nafasi yake bila kumfunika mwenzake. Mfaransa Henri Cartier-Bresson, ambaye jina lake ndilo hutajwa kwanza watu wanapozungumzia picha zisizopangwa, alisema ni picha hiyo iliyomwashia moto wa kupiga picha. Watoto wa Kiafrika wakicheza majini, jambo ambalo sisi tunaliona kila Jumapili.

Kwa hiyo piga migongo. Piga nyayo zenye mchanga, kiganja kilichofumba kombe, shingo ya mtoto aliyelala begani kwa babu yake. Mama anamjua mwanawe hata kwa kisogo.

Wako watatu, wanne. Nawapangaje?

Huwapangi. Wape kitu kimoja cha kukizunguka: beseni la machungwa ya Muheza na kisu kiwe mkononi mwa shangazi. Wataegemeana wenyewe, mmoja atasimama, mwingine atachuchumaa, vichwa vitakuwa kwenye urefu tofauti, na hicho ndicho unachokitaka. Vichwa vikiwa kwenye mstari mmoja picha inakuwa ya darasani. Wewe kazi yako ni kuzunguka kidogo kidogo mpaka kila uso, au angalau kila kichwa, kipate hewa kukizunguka. Maji ya chungwa yakianza kutiririka hadi viwikoni, piga.

Wavae nini?

Walichozoea. Rangi zisizo na maandishi makubwa ni nafuu. Siku ya Idd au Krismasi wanavaa vipya, piga moja au mbili za kumbukumbu ya nguo, halafu subiri. Saa tisa alasiri, kofia imepinda, harufu ya ubani wa asubuhi imeshakwisha, kanzu ina doa la ukwaju na viatu vimebebwa mkononi: hiyo ndiyo sikukuu yenyewe.

Lazima ninunue kamera?

Bado. Simu yako ina lenzi pana; ukimkaribia mtoto sana inamkuza pua na kumpunguza masikio. Rudi nyuma hatua mbili, tumia lenzi ya 2x kama unayo. Usivute picha kwa vidole kupita hapo, tembea. Ukija kununua kamera siku moja, lenzi moja ya milimita 35 au 50 itakufikisha mbali.

Mimi mama ndiye mpiga picha. Sionekani popote.

Hili linanigusa. Nimefungua simu za wazazi zenye picha elfu na zaidi za watoto, mama yumo katika tatu, zote kapiga mwenyewe kwa mkono ulionyooshwa. Watoto watakapokua watataka kujua ulikuwaje.

Mpe simu mtoto wako mkubwa. Wa miaka 8 anaweza, na anaona kutoka urefu ambao wewe umeshausahau. Au iegemeze kwenye mtungi, weka ipige yenyewe kila baada ya muda kama simu inaruhusu, urudi kwenye kazi yako. Suka nywele za binti yako barazani: yeye kakaa katikati ya magoti yako, kichwa kimevutwa pembeni, uso unakunjamana, wewe umeshika chanuo mdomoni. Hakuna pozi linaloshinda hilo. Bibi akikuna nazi kwenye mbuzi na mjukuu ananyemelea chicha, baba akibeba mtoto mabegani kuvuka maji. Mshikie mtu simu, mwambie asihesabu "moja, mbili, tatu", aanze tu.

Bibi yake hataki mtoto mchanga apigwe picha.

Msikilize bibi. Wazee wengi wa pwani hawapendi mtoto aonyeshwe kabla ya arobaini, kwa kuhofia kijicho. Picha hazitaharibika kwa kusubiri. Nimewahi kuketi na bibi mmoja tukakubaliana nipige vidole vya mtoto tu vikiwa vimeshika kidole chake yeye, na zisiende mtandaoni. Alipoona ile picha aliomba asafishiwe.

Watoto wa majirani wameingia kwenye picha. Na mtandaoni je?

Ufuo una watoto wa kila mtu. Kama picha inakaa kwenye simu yako, mfuate mama yao, msalimie, mwonyeshe. Akisema futa, futa mbele yake bila kununa. Ukitaka kuichapisha popote, kibali chake ni lazima kije kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa yeyote aliye chini ya miaka 18. Mtoto mwenyewe pia muulize. Wa miaka 7 akisema hapana, amesema hapana.

Kabla ya kutuma, kagua pembeni mwa picha. Shangazi aliye uani bila mtandio hakutegemea kuonekana na wanaume wa kundi la ukoo. Sare ina jina la shule. Kibao cha mtaa kinasomeka. Zima kipengele cha mahali kwenye kamera ya simu, maana picha hubeba ndani yake ilikopigiwa. Na mtoto anayeoga, hata wa mwaka 1, asiende mtandaoni kabisa.

Kuna hatari gani ufukweni?

Wewe mwenye kamera ndiye hatari. Jicho lililo kwenye kioo haliwaangalii watoto watano. Kila ninapopiga picha karibu na maji anakuwepo mtu mzima mwingine ambaye kazi yake ni kuwahesabu tu. Asipokuwepo, tunapiga barazani.

Mkienda magofu ya Tongoni, yapata kilomita 17 kusini mwa mji, kumbukeni kwamba pale kuna makaburi. Mawe na mibuyu ni mandhari nzuri kuliko yoyote, lakini mtoto asipandishwe juu ya kaburi kwa ajili ya picha.

Nimerudi na picha 300. Nizifanyeje?

Usizikague usiku ule ule. Lala. Kesho yake pita haraka ukifuta zilizotikisika na zilizofumba macho, kisha pita polepole ukitafuta zile ambazo mtoto hajui kama upo. Ukibaki na 10 umefanya kazi nzuri. Nyoosha mstari wa bahari kama umelalia upande, ongeza mwanga kidogo, acha hapo.

Ndugu wakizitaka kwa WhatsApp, tuma kama faili, kwani zikitumwa kawaida hupunguzwa ukubwa na zikisafishwa zinatoka hafifu. Picha ya inchi 4 kwa 6 inataka kama pikseli 1200 kwa 1800. Simu yako inazo za kutosha kama hujakata sana. Na uzisafishe kweli. Simu hudondoka majini, hubadilishwa, huibiwa. Unyevu wa pwani nao una visa vyake: picha ikigusana na kioo cha fremu hugandia, kwa hiyo weka ukingo wa kadibodi kati yake na kioo, na albamu isikae kwenye ukuta unaolia maji wakati wa masika.

Nyuma ya kila moja, kwa penseli laini au kalamu isiyovuja, andika jina, mahali, mwezi na mwaka, na alichokuwa akifanya: anajaza chupa, rede, uani kwa bibi.